Mhazili Aliyefuga Simu Zetu

Kiranjeranje nzima hapakuwa na mwanamke mwenye vidole kama vyake. Sisi wengine tunabangua korosho tangu utotoni, na mafuta ya ganda la korosho hayana adabu. Yanaunguza, yanachuna ngozi, yanakuachia ncha za vidole nyeusi, laini, zisizo na mstari hata mmoja. Ukienda kusajili laini, mashine ya alama za vidole inakukataa mbele za watu. Ukinunua simu ya kupapasa, unapapasa mpaka unachoka, simu imelala. Yeye alikuwa na vidole kumi safi, kucha fupi, na vyote kumi vilifanya kazi, maana alipiga chapa ofisini Kilwa Masoko mpaka akastaafu. Akarudi kijijini na kompyuta ya mezani ambayo ofisi ilikuwa imeichoka. Jina lake tulilijua, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa Mhazili, na sisi wadogo tulimwita Bibi Mhazili.

Kompyuta ile ilikuwa dude zito la kizamani. Fundi mmoja kutoka Lindi mjini aliiongezea nguvu, akaitia mfumo uleule ulio kwenye simu za kupapasa. Sikuelewa alivyofanya na sitajifanya nimeelewa. Nilichoona ni kwamba ukiiwasha, katikati ya kioo inafunguka simu. Simu kabisa, saa yake juu, chaji yake imejaa siku zote, programu zake zimejipanga. Huipapasi, unasogeza kipanya, unabofya, na kuandika unaandika kwa kibodi. Wala haikuwa moja. Kila mwanamke aliyetaka alitengenezewa simu yake humo ndani, kila mmoja na dirisha lake. Namba za uhakiki zinaingia kwenye kitochi chako, ile simu ndogo ya vitufe, unamsomea, anaziandika, basi, wasapu yako imehamia kwa Mhazili. Wewe unarudi nyumbani na kitochi. Simu yako inabaki kwake.

Siku ya kwanza nilipoona madirisha yale yamepangana nilicheka. "Bibi, wewe unafuga simu kama kuku!"

Hakucheka. "Kuku mwisho wake huchinjwa," alisema. "Hizi hazichinjwi."

Na kweli hakuizima mashine ile hata siku moja. Umeme ukikatika alikimbia, mtu mzima yule, kanga inamdondoka, kwenda kuangalia kama betri ya akiba imeshika. Betri inalia tii, tii, naye kasimama mbele yake mkono kifuani mpaka umeme urudi. "Humo ndani mna watu," alituambia. Wenzangu wakacheka tena. Mimi sikuupenda mlio wa sauti yake aliposema hivyo.

Halafu akafa jirani yetu, mama muuza vitumbua. Tulimzika, tukakaa matanga, ikafika arobaini, vitu vya marehemu vikagawiwa: kanga, masufuria, mpaka kitochi chake kikapata mwenyewe. Hakuna aliyekumbuka kwamba simu yake ya pili iko kwa Mhazili. Siku moja binti yake anayekaa Nangurukuru akaja mbio, midomo imemkauka. "Mama yupo hewani," anasema. "Nimeona kwa macho yangu, sasa hivi, jina la mama linasema yupo hewani!"

Tukaenda naye. Dirisha la marehemu lilikuwa wazi pale kiooni. Salamu za Ijumaa kutoka kwa watu wa mbali wasiojua habari zilikuwa zimejibiwa zote, kwa herufi safi, nukta na mkato mahali pake: Waalaikumu salamu. Ijumaa njema na kwenu. Binti akaangua kilio. Mhazili alimpa maji ya kunywa, akamwambia taratibu, "Nani aliniambia nimfunge? Nyinyi mlikuja kuchukua masufuria."

Dirisha lilifungwa siku hiyohiyo. Lakini nilichukua muda mrefu kabla ya kuweza kukaa tena kwenye kile kiti bila kutazama nyuma.

Msidhani alikuwa mtu wa kutisha. Alipenda chai ya mchaichai na mihogo ya kuchoma, aliogopa mijusi, na akicheka alijiziba mdomo kwa sababu ya jino lake moja la mbele. Siri za watu hazikutoka kwake. Wanawake wote wa kijiji walikuwa wamemwachia maneno yao, ya waume na ya wasio waume, na sijawahi kusikia hata neno moja limevuka kizingiti. Mimi alinipenda waziwazi. Alinifundisha kupiga chapa bila kutazama, ananifunika mikono kwa leso ili nisichungulie, na nikikosea ananigonga begani. "Vidole vyako vimekufa juu tu," aliniambia. "Ndani vina akili." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia nina akili mahali popote. Ndiyo maana mpaka leo hasira yangu kwake hainyooki.

Kila ujumbe aliusoma mara mbili. Kwanza kimya, midomo imefungwa, ndipo kwa sauti. Ilikuwa desturi ya kazini, alisema. Mhazili husoma barua kabla ya mkubwa wake, ili mkubwa asishtushwe. Kati ya kimya na sauti palikuwa na nafasi, na sisi tuliokaa kwenye benchi tukingoja zamu tulijifunza kuipima. Ikirefuka, kuna jambo. Kuna mara shemeji wa mwenzetu mmoja aliandika kutoka Dar matusi ya nguoni, mistari na mistari. Mhazili akakaa kimya, kisha akasoma, "Anasema amekasirika kidogo, anaomba muongee." Sisi tuliojua kusoma tulikuwa tunakiona kioo. Tulitazamana. Ugomvi haukutokea, watu wakamsifia busara, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomsifia.

Ajabu ni kwamba mwanamke huyohuyo alikuwa mkali wa kulinda maneno kupita kiasi. Kiongozi mmoja alimtaka abadili neno moja tu katika muhtasari wa mkutano. Alikataa, akamrudishia karatasi zake, akaondoka bila kugusa chai aliyoandaliwa. "Mhazili hana maneno yake," alisema, na hilo alilisema mara nyingi, karibu kila aliposifiwa. Sijui basi ruhusa ya kuchezea maneno yetu aliipata wapi. Labda kwake karatasi ilikuwa ya serikali, na sauti za watu ni za watu tu.

Mume wangu alikwenda Sauzi mwaka wa pili wa ndoa yetu, hatujajaliwa mtoto. Simu ya kupapasa nyumbani ilikuwa moja, ya mama mkwe, na hiyo nayo ilikuwa imehamia kwenye kompyuta ya Mhazili. Kila Ijumaa baada ya swala tulikwenda wawili, mkwe na mkwewe. Mume wangu hakuwa mtu wa kuandika, alituma sauti. Anaanza, "Shikamoo mama," na mama mkwe anaitikia palepale, "Marahaba baba," kana kwamba anasikika. Anauliza ya shamba, anauliza ya majirani, na mwishoni ndipo ananigeukia mimi. "Na huyo mwenzangu mwambieni avumilie." Kilikuwa kipande kifupi, lakini niliishi nacho wiki nzima.

Mwaka jana mwezi wa sita mama mkwe alipandwa na presha, akalazwa Lindi, nami nikaenda kumuuguza. Kabla hatujapanda gari alimwagiza Mhazili jambo moja: mwanangu asiambiwe. Kwetu ndivyo ilivyo. Aliye safarini hapelekewi la nyumbani, asije akatembea na moyo mzito katika nchi ya watu. Mhazili aliitikia kwa kichwa.

Tulikaa Lindi mwezi na zaidi. Tuliporudi alitwambia sauti zimejaa, kijana katuma mbili tatu kila siku, lakini ni vizuri mama asikilize moja kila Ijumaa, asije akapandwa na furaha presha ikarudi. Tukaona hiyo ndiyo busara. Mama mkwe alimshika mikono akamwombea dua.

Mwezi wa nane ukapita, wa tisa, wa kumi. Kila Ijumaa sauti moja. Mama mkwe alijibu kila mara, na pembeni ya kila jibu lake pakabaki alama ya saa ndogo isiyoondoka. Nikauliza ni nini. "Mtandao," alisema Mhazili bila kunitazama. Nikauliza mbona hatumpigii tukamsikia moja kwa moja. "Mtandao, binti." Katika sauti mojawapo mume wangu alisema anafikiria kurudi. Nilipaka hina. Nilinunua pazia jipya la chumba. Lakini kila Ijumaa macho yangu yalikwenda kwanza kwenye ile saa ndogo.

Mwezi wa kumi na moja, korosho zimeshaokotwa, magunia yako ghalani, minada imeanza, Ijumaa ile sauti ikasema, "Mama, salfa mmeshapuliza? Msichelewe. Mikorosho ya bondeni inawahi kutoa maua."

Mama mkwe alicheka. "Huyu naye! Kasahau majira huko aliko."

Mimi sikucheka. Mtu aliyezaliwa chini ya mikorosho ya Kiranjeranje, aliyebebeshwa pampu ya salfa kabla hajaota ndevu, hawezi kuulizia salfa wakati wa mnada. Atasahau kwanza jina la mkewe. Salfa ni dawa ya maua ya mikorosho, na wakati wake ni mwezi wa sita. Nilimtazama Mhazili, naye alikuwa ametulia kabisa, anapangusa kibodi kwa kitambaa. Hakusikia kosa lolote. Miaka yake yote aliipitisha ofisini, hana hata mkorosho mmoja. Kwake korosho ni kitu kinacholetwa kwenye bakuli wageni wakija. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake iliishia shambani kwetu.

Asubuhi yake nilikwenda peke yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba binti yangu. Mama yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Bibi, salfa inapulizwa mwezi wa sita."

Alinyamaza. Nilikuwa nimeizoea ile nafasi yake ya kimya, lakini sikuwahi kuisikia ikirefuka hivyo. Kisha akavuta kiti, akashika kipanya, akafungua dirisha ambalo sikuwahi kuliona.

Simu za mama mkwe zilikuwa mbili. Mhazili alinieleza kwa sauti ya mtu anayesoma muhtasari. Kila jioni huhifadhi nakala ya kila simu, ili ikiharibika aweze kuirudisha ilivyokuwa siku ya nakala. Ujumbe mmoja ulipoingia tukiwa Lindi, aliiacha simu iliyoupokea, akatengeneza nyingine kutoka kwenye nakala ya jana yake, akaikatia mtandao. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tukifunguliwa kila Ijumaa. Katika hiyo, sauti zilikuwa bado hazijasikilizwa na mume wangu alikuwa hajafa.

"Nikusomee?" aliniuliza.

"Nitasoma mwenyewe."

Uliandikwa na kijana aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Poleni ndugu zangu. Mwenzetu aliugua ghafla, jana ametutoka. Tumemzika leo hukuhuku, Waislamu wa hapa wamemswalia. Naombeni mnijibu nijue mmepata. Tarehe ilikuwa katikati ya mwezi wa sita. Na chini yake kulikuwa na jibu, limetoka kwenye namba yetu. Tumepokea taarifa yako kwa masikitiko makubwa. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Familia inatoa shukrani kwa huduma zote mlizompatia. Nukta, mkato, herufi kubwa, hakuna kosa hata moja. Familia! Familia ilikuwa mimi, wodini Lindi, nampepea mama yake kwa upande wa kanga mkavu.

Sikupiga kelele. Niliuliza tu kwa nini.

"Mama yenu alikuwa kalazwa na presha. Ulitaka nimpeleke na yeye?"

"Na alipotoka?"

"Alipotoka alikuja hapa anacheka."

"Na mimi, bibi? Mimi nina presha?"

Aliitazama mikono yake. "Nyinyi wenyewe mlisema aliye mbali asiambiwe," alisema mwishoni. "Nikaona na nyinyi mko mbali."

Nilikwenda kwa shehe wetu kuuliza namna ya kuanza eda. Alinisikiliza, akauliza tarehe, akahesabu kwa vidole. "Eda ya mfiwa inaanza siku ya kifo, binti yangu, haianzi siku ya habari," akaniambia. "Miezi minne na siku kumi imeshapita. Huna eda ya kukaa." Alisema kwa upole, akiamini ananipunguzia mzigo. Wanawake wenzangu wakifiwa hukaa ndani, huacha manukato na mapambo, huletewa uji, na kijiji kizima hupita mlangoni kwao kwa sauti ya chini. Mimi eda yangu niliimaliza nina hina mikononi, nachagua pazia la chumba cha mtu aliyekuwa mchangani. Hicho ndicho alichonichukulia Mhazili. Mume alichukuliwa na Mungu, na kwa hilo sina neno. Ujane wangu ulichukuliwa na yeye.

Mama mkwe nilimwambia mwenyewe jioni ile. Alilia mpaka sauti ikakatika, lakini presha haikumuua. Ikaswaliwa swala ya ghaibu, ya maiti aliyezikwa mbali, tukaweka tanga, Mhazili akaja na kilo zake za mchele, akakaa jamvini na wenzake, akaosha vyombo kwa vile vidole vyake. Hakuna aliyemfukuza. Baadaye niliwaeleza wenzangu wa kwenye benchi yote aliyonifanyia, nikawaambia wakachukue simu zao. Mmoja tu ndiye aliyekwenda. Wengine walitazama chini, na mmoja, ambaye mwanawe yuko baharini kwenye meli, akaniambia bila haya, "Kama ni langu mimi, afadhali asiniambie."

Nilikata mguu kwa Mhazili. Sikumsalimia njiani, nami nimelelewa kumwamkia hata kichaa. Nilisikia anakonda. Nilisikia pia kwamba bado anakimbia umeme ukikatika.

Ijumaa moja baada ya arobaini nilirudi kutoka Kikole nilikokwenda kuhani, nikakuta nyumba imefungwa na mama mkwe hayupo. Majirani hawakujua. Nilijua mimi. Nilikwenda mwendo wa haraka mpaka kwa Mhazili, nikaingia bila kupiga hodi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti kile, mbele ya kioo, mtandio umemwangukia mabegani, na uso wake ulikuwa mkavu, mtulivu, wa mtu aliyefika nyumbani. Mhazili aliponiona alisimama.

"Sikumwita," alisema. "Kaja mwenyewe. Kaniambia nimfungulie ile simu ambamo mwanawe bado yu hai."

"Bibi, Mungu anakuona."

"Anatuona wote. Sauti zake hamkuzimaliza, binti. Nyingi hamjazisikia. Ulitaka nizifute?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwa hasira yangu yote, haikunipitia akilini kwamba humo ndani mna maneno ya mume wangu ambayo sikio langu halijayapata, na kwamba nikiifunga simu ile kwa mkono wangu sitayapata tena mpaka Kiyama. Nilimchukia mwanamke yule wakati ule kuliko siku niliyosoma ujumbe. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anajua.

"Mama, twende nyumbani," nikasema.

Mama mkwe aliinua kiganja kunizuia. Sauti ilikuwa imeshaanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," aliitikia. Akasogea pembeni, akanipigia kiti cha pili kwa kiganja, macho yake hayajaondoka kwenye kioo. "Kaa, mwanangu. Bado hajafika kwako."

Nikakaa.